Presha ya Kinyozi

Shavu moja la Mbaluka lilikuwa limekwisha kunyolewa, la pili bado lina povu, na yeye yumo katikati ya kisa cha shemeji yake aliyeuziwa punda kipofu sokoni Mwingi, ndipo Dalmas aliposhusha wembe.

"Mbona umesimama?" Mbaluka akauliza, macho ameyafumba. "Bado sijafika pale pa kuchekesha."

"Hicho kichwa unakishikashika nini?"

"Kichwa ni changu."

"Ni chako, lakini wembe ni wangu. Endelea kukishika, utaenda nyumbani na sikio mkononi."

Mbaluka akacheka, akarudisha mkono chini ya shuka. Akasema ni harufu ya wino tu. Wiki nzima kwenye chumba chao cha uchapishaji kule River Road, katikati ya jiji, mashine hazikupumzika, na jana akipanda ngazi aliona nyota mchana. Hilo la nyota alilisema kama sehemu ya mzaha, kisha akataka kurudi kwa punda wake.

Dalmas hakucheka. Alifuta wembe kwenye taulo, polepole, upande huu na upande ule, akautazama mkoba wa buluu uliotundikwa kwenye msumari kando ya kioo.

Mkoba huo ulikuwa umemfikia kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuitafuta. Watu wa mtaa waliitwa kwenye baraza kuchagua wahamasishaji wa afya, wale wa kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza hali, wakipima, wakiwaelekeza wagonjwa kliniki. Waliotajwa wote walikuwa akina mama. Kisha mmoja wao akasimama akalalamika kwamba wanaume wa Kabiria ni kama panya: ukibisha mlango wa mbele wanatokea wa nyuma. "Tupeni mtu ambaye wakimwona wanakaa," akasema. Watu wakaangua kicheko, kwa sababu kila mtu alijua kuna kiti kimoja tu ambacho wanaume wote wa mtaa ule hukikalia, wakainamisha shingo na kutii. Ndivyo Dalmas Were, kinyozi, mzaliwa wa Busia, mtu ambaye hata kanisani hupenda benchi la nyuma, alivyojikuta na fulana ya kazi, simu ya kutuma taarifa, na mkoba wenye mashine ya kupima presha.

Alishangaa jinsi alivyoipenda kazi hiyo. Asubuhi kabla ya kufungua duka alipita kwenye ploti alizopewa, zile nyumba za kupanga, akiita mlangoni, "Fungueni, si mwenye nyumba!" na watoto wakatoka mbio. Alijua mtoto yupi amekosa chanjo na nyanya yupi huficha vidonge chini ya mto badala ya kuvimeza. Alijifunza kuketi kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa mtu na kunyamaza mpaka mwenyewe aseme kinachomsumbua. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Kinyozi husikia mengi kuliko padri.

"Baba Mukai," akamwambia Mbaluka sasa, "leta mkono."

"Mkono wa nini? Ndevu ziko usoni."

"Leta tu. Nikimaliza tunaendelea na punda."

Akamfunga kile kitambaa juu ya kiwiko. Mashine ikavuta pumzi, ikakaza, ikaachilia kidogo kidogo. Dalmas akazitazama namba. Akangoja, akapima mkono wa pili. Nje ya mlango mkewe, Maurine, alikuwa akigeuza chapati kwenye jiko lake, akibishana na mteja.

"Mia moja tisini na sita," Dalmas akasema kwa sauti ya chini. "Ya chini mia moja kumi na nne. Hiyo ni presha, ndugu yangu, na si ya kungojea. Wacha nifunge hapa twende hospitali saa hii."

Mbaluka akafungua macho. Kwenye kioo hakujitazama mwenyewe. Alimtazama Dalmas.

"Toa hii kitu."

"Mbaluka, sikiliza."

"Nimesema toa hii kitu yako! Mimi nimekuja kunyolewa. Sikuja kuambiwa siku yangu."

Alikibandua kile kitambaa mwenyewe, kwa kelele ya kuraruka, akalivua shuka na kulitupa kwenye kiti. Kisha akatoka, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, shavu moja linang'aa na jingine limejaa povu, akaikata barabara ya Kabiria bila kutazama kulia wala kushoto.

Maurine akaingiza kichwa mlangoni, mwiko mkononi. "Baba Fidel, umemfanya nini mtu wa watu?"

Dalmas alikuwa bado ameshika mashine.

*

Jumamosi iliyofuata Mbaluka hakuja. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Dalmas alipita kwake jioni mbili tatu, kwenye chumba alichokodi ghorofa ya pili na kuishi peke yake, maana mkewe Kasyoka alikaa Mwingi na shamba na mbuzi. Taa ilikuwa inawaka na redio inaongea. Mlango haukufunguliwa.

Na maneno yakaanza kutembea. Watu walikuwa wamemwona Mbaluka akikimbia na povu, na kila mmoja aliongeza lake. *Usiende kwa Dalmas. Unaingia na nywele, unatoka na ugonjwa.* Vijana waliisema wakicheka. Wanaume wazima hawakucheka. Walivuka tu barabara, wakaenda kwa kinyozi mpya aliyefungua karibu na wauza maji. Benchi lililokuwa likijaa Jumamosi mpaka watu wakaegemea ukuta, sasa lilikaliwa na gazeti la juzi.

"Huo mkoba uuweke nyumbani," Maurine akamwambia siku moja, duka likiwa tupu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakanda unga, na Maurine akikanda unga husema mambo kama yalivyo. "Nyumba kwa nyumba nenda nao. Lakini hapa mtu akija, anataka kupumzika. Anataka kusikia maji ya moto usoni. Haji kukutana na mauti kwenye kioo."

"Na Mbaluka?"

"Mpigie Kasyoka. Mke wa mtu anajua pa kumsukuma mume wake."

"Siwezi. Ya mtu ni ya mtu mpaka aseme mwenyewe. Tulifundishwa hivyo, na hata nisingefundishwa."

Maurine akaukata unga vipande, akavifinyanga mviringo kimoja kimoja. "Basi nenda wewe. Hukatazwi kusema na yeye. Kazini kwake hawezi kukufungia mlango, mlango si wake."

Alhamisi Dalmas hakufungua. Alinyoosha shati, akavaa viatu vya Jumapili, na kwa mazoea tu akautia mkoba begani.

Hakuwa amefika River Road kwa muda mrefu, na alikuwa amesahau jinsi barabara ile isivyomngoja mtu. Mikokoteni ilipita na mabomba marefu yakining'inia nyuma, wapagazi wakapiga miluzi, mwanamke akamsukuma kwa kiwiko na kumwomba samahani kwa wakati mmoja. Madukani kulikuwa na kufuli, rangi, misumari kwa kilo. Juu ya maduka kulikuwa na vyumba vya wageni vyenye mapazia mekundu. Na katikati ya hivyo vyote, kwenye ngazi nyembamba yenye giza, kibao kilichosema kadi za harusi, stakabadhi, mihuri, programu za mazishi. Dalmas akapanda. Ghorofa ya tatu alisimama kidogo akishika ukuta, akajifanya anasoma namba za milango.

Kelele ilimpokea kabla ya chumba. Mbaluka alikuwa ameinamia mashine, mikono yake myeusi kwa wino mpaka kwenye viwiko. Alipoinua uso, Dalmas aliona kwanza kazi mbaya ya kinyozi mwingine: mkwaruzo chini ya kidevu, vipele shingoni, laini ya ndevu iliyopanda upande mmoja. Iliuma kidogo kuiona.

Mbaluka aliutazama mkoba. Akageuka, akaendelea na kazi.

Kulikuwa na meza ndefu yenye karatasi za kung'aa zilizotoka mashinani, zinangoja kukunjwa. Dalmas akavuta kigoda, akaketi, akaanza kukunja. Ya kwanza aliipinda vibaya. Ya pili ikawa afadhali. Kwenye kila karatasi mwanamume mmoja alikuwa akitabasamu, amevaa tai, picha iliyokatwa kutoka kwenye sherehe ya watu wengine. Bega la mtu aliyesimama kando yake bado lilionekana pembeni. Chini ya picha, tarehe ya mawio, alipozaliwa, na tarehe ya machweo.

Waliendelea hivyo kwa muda, mmoja akichapa, mwingine akikunja. Hatimaye Mbaluka akaja na rundo jingine, akaliweka mezani, akabaki amesimama.

"Unamuona huyo?" akasema, sauti juu kupita kelele. "Ni wa mwaka wangu. Wa jana pia. Zamani nilikuwa nachapa wazee, Were. Unaona mzee wa miaka tisini, unasema huyu amekula chumvi yake akashiba, mwacheni alale. Siku hizi ni sisi. 'Baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Hayo maneno vidole vyangu vinayajua bila mimi."

Dalmas akaacha kukunja.

"Wewe uliniambia namba," Mbaluka akaendelea. "Mimi nikaona picha. Hata nilijua ni gani watachukua. Ile ya harusi ya Mukai, nimevaa tai ya kuazima. Nikasema, ngoja, kama sitaenda huko hospitali, hiyo picha itakaa tu kwa ukuta. Najua ni ujinga. Usiniambie ni ujinga."

"Sijasema."

"Najua hujasema. Unanyamaza vibaya, wewe."

Ndipo stima ikapotea. Mashine zikanguruma kwa kushuka, zikanyamaza, na chumba kikajaa sauti za barabarani: miluzi, mtu anauza sumu ya panya kwa kipaza sauti, nyundo kwenye bati. Mbaluka akapapasa kigoda cha pili, akaketi mbele ya rafiki yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Mwanga wa dirishani ulimpata usoni. Alionekana amechoka.

"Na yako ni ngapi?" akauliza.

"Yangu nini?"

"Presha. Wewe unapima Kabiria nzima. Yako ni ngapi?"

Dalmas akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kutaja namba yoyote. Angetaja mia moja na ishirini kwa themanini, namba nzuri kabisa, namba aliyowatakia watu wote, na mambo yangeishia hapo.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kupima. Hata siku za mafunzo, tulipokuwa tunapimana, mimi nilijitolea kuwa wa kupima wengine." Akalainisha mkunjo wa karatasi. "Baba yangu alianguka kwenye miwa, kule nyumbani, akiwa na umri huu wangu. Asubuhi alikula viazi na sisi, akamtania mama. Mchana akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwa hivyo mimi huzitazama za watu, na nikifika nyumbani mashine naiweka juu ya kabati."

Mbaluka akanyoosha mkono wake mweusi wa wino.

"Leta huo mkoba."

"Mbaluka..."

"Leta. Nikimaliza tunaendelea na punda."

Alikifunga kile kitambaa juu chini. Dalmas akakirekebisha kwa mkono mmoja, akamwonyesha kitufe. Mashine ikavuta pumzi. Dalmas akaugeuza uso dirishani, kama mtoto anayedungwa sindano, akahesabu mabati ya jengo la mkabala huku mkono wake ukibanwa, ukibanwa, mpaka akafikiri hautaachiliwa tena.

"Mia mbili na mbili," Mbaluka akasoma.

"Ni ngazi."

"Ati?"

"Nimepanda ngazi nyingi. Inapanda ukipanda."

"Umekaa hapa unakunja karatasi tangu nilipokunywa chai! Tulia, miguu chini, usiongee. Si ndivyo unavyoambiaga watu?"

Akapima tena. Haikushuka, au ilishuka kwa kitu kisichofaa kutajwa. Mbaluka akaitazama mashine, akamtazama Dalmas, na pembe za mdomo wake zikaanza kutetemeka. Akajaribu kujizuia. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumbo, akajipiga paja na kuliachia alama ya wino, na Dalmas, ambaye alikuwa karibu kulia, akajikuta naye anacheka mpaka karatasi zikamteleza magotini. Wanaume wawili wazima walicheka kwenye chumba kile kisicho na stima, mbele ya nyuso za marehemu, na hakuna aliyewasikia.

Mbaluka ndiye aliyeacha kwanza. Uso wake ulibadilika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kuna chungu motoni.

"Na kichwa hakikuumi?"

"Hapana."

"Huoni nyota?"

"Sioni kitu. Nasikia vizuri tu."

"Basi wewe ni mbaya kuliko mimi." Akamshika bega. "Were, mimi sitaki kukuchapa. Unanisikia? Hiyo kazi sitaiweza. Kesho alfajiri nakupitia, twende kule unakotumaga watu. Na ukijificha nitakuja na Mama Fidel."

Stima iliporudi walikamilisha programu zile pamoja. Msichana mmoja mwenye kilemba cheusi alikuja kuzichukua mchana. Alitoa moja, akamtazama baba yake kwa muda, akapitisha kidole gumba juu ya picha. "Mmemtoa vizuri," akasema. Mbaluka akambebea boksi mpaka chini. Alishuka polepole, akipumzika kila ghorofa, na msichana hakumharakisha.

*

Kituo cha afya kule Riruta kilikuwa kimejaa akina mama na watoto wa chanjo. Wale wawili walibanana mwishoni mwa benchi, kadi za kliniki mkononi, wakiwa wanaume peke yao kwenye ukumbi mzima. Emmah, afisa aliyewasimamia wahamasishaji wa eneo lile, alipita na chupa yake ya chai akasimama.

"Dalmas! Leo umeleta mgonjwa?"

Dalmas akamtazama Mbaluka. Mbaluka akatazama dari.

"Tumeletana," Dalmas akasema.

Emmah alisoma nyuso zao, akazielewa, akaenda kuulizia kama daktari ataweza kuwaona mapema. Akina mama wakasogea. Mtoto mmoja alikishika kidole cha Mbaluka chenye wino kwenye ukucha na akakataa kukiachia mpaka jina lilipoitwa.

Daktari alikuwa na upole wa mtu aliyeamka vizuri. Aliwapima, akawasikiliza vifua, akachukua damu na mkojo wao, akawaandikia vidonge. Akawaambia habari ya chumvi, ya mafuta, ya kutembea kwa miguu. Mbaluka akauliza kama dawa zitakuwa zimekwisha kufikia Krismasi, maana huwa anasafiri.

"Utasafiri nazo," daktari akasema. "Hizi ni za kila siku, mzee wangu."

"Kila siku mpaka lini?"

"Kila siku."

Walitoka. Nje ya lango mwanamke alikuwa anachoma mahindi, na njaa ikawakumbusha kwamba walikuwa hai. "Tupakie ndimu na pilipili," Mbaluka akamwambia, kisha akavuta pumzi kama mtu anayetoa mchango mkubwa kanisani. "Chumvi wacha." Walikula wamesimama kando ya barabara. Hayakuwa mahindi matamu sana. Waliyamaliza yote.

Kwa Maurine ndiko kulikuwa na kazi. Dalmas alimweleza jikoni, na Maurine alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikining'inia. "Mia mbili," akasema. "Na ulikuwa unaniamsha usiku kuniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya malaria!" Alimpiga kifuani kwa kiganja chenye unga, mara moja, kwa nguvu, kisha akakiacha kiganja pale pale. Jioni hiyo alipika mboga bila chumvi na kuwatangazia wote mezani kwamba mwenye neno aliseme sasa.

Mkoba ukabaki kwenye msumari wake. Kitu kilichobadilika ni jinsi Dalmas alivyoanza. Mteja akikaa, yeye alisema ya kwake kwanza, akimpaka povu, bila kuinua sauti: ilikuwa mia mbili, sikuwa nasikia chochote, sasa inashuka, dawa inanipeleka chooni kama mtoto. Kisha akanyoa. Wengine walilipa na kwenda zao. Mwingine, akisha kupakwa spiriti na kupulizwa shingo, alitoa mkono chini ya shuka akauacha kwenye mkono wa kiti, kiganja juu, kana kwamba umejiweka wenyewe. Walikuwepo pia ambao hawakurudi kamwe kutoka kwa yule kinyozi wa karibu na wauza maji, na Dalmas aliwasalimia njiani vilevile.

Mbaluka alirudi kwenye kiti chake cha Jumamosi. Shingo yake ilihitaji muda kupona. Watu walipomuuliza habari ya siku ile ya povu, alijibu kwa majivuno kwamba yeye alikuwa wa pili tu, bingwa ni huyu hapa mwenye wembe. Haikuwa rahisi siku zote. Kulipotokea wiki aliyojisikia vizuri, aliviacha vidonge, akasema kwa nini mtu mzima anywe dawa, na walipigana kwa maneno mpaka Maurine akawatoa wote wawili nje. Siku mbili baadaye Kasyoka alishuka kutoka Mwingi na gunia la ndengu. Mbaluka alikuwa amempigia mwenyewe. Mkewe alikaa mpaka mvua za kupanda zilipomwita shambani, na alipoondoka vidonge vilikuwa kando ya kikombe cha mswaki, mahali ambapo mtu hawezi kusema hakuviona.

Jumapili baada ya ibada, kila mmoja akitoka kanisani kwake, walikutana kwenye kona ya Kabiria na kutembea. Mwanzoni walifika Riruta tu na kurudi wakihema. Kisha wakavuka Ngong Road, wakazidi kusogea, mpaka siku moja wakajikuta Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za kaunti zilizozingirwa na michongoma na miti mikubwa, ambako sauti za magari zilififia na mtu aliweza kusikia ufagio wa jirani. Mbaluka alipapenda. Alisema hapa hata presha ikija itabisha hodi.

Alasiri moja ya Agosti, baridi ikiwa imeanza kulegea, walikuwa wakirudi kutoka huko, Mbaluka akisimulia, Dalmas akisikiliza, waliposikia hatua nyuma yao. Wakipunguza mwendo, zinapungua. Wakikaza, zinakaza.

"Mwizi?" Mbaluka akanong'ona.

Dalmas akageuza shingo kidogo. Alikuwa mwanamume wa rika lao, mnene, amevaa koti la suti, soksi na kandambili, mikono amekunja nyuma. Hakuwa mtu waliyemjua. Macho yao yalipokutana alijifanya anatazama ua wa mtu.

"Mwizi gani anavaa soksi na kandambili?"

Waliendelea. Mwanamume yule alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa bidii, na kandambili zake zilipiga lami moja baada ya nyingine. Walipofika mahali ambapo njia inapanuka, Mbaluka, bila kuacha kisa chake, akasogea upande wa kushoto, na Dalmas akasogea upande wa kulia, katikati pakabaki nafasi ya mtu mmoja.